Mdhamini wa Mdanzi

Bosi wetu Lotfi, tunayemwita Si Lotfi kwa heshima, alitangaza mbele yetu sote: "Rafika, mvivu wewe, ikifika Jumamosi hujaongeza chupa unazojaza, tafuta kazi kwingine." Akaingia ofisini, akabamiza mlango. Rafika aliendelea kujaza maji ya maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, kwenye chupa, machozi yakimlengalenga. Ni mjane mwenye mabinti wawili, na hapa mjini Nabeul nani atamwajiri mwanamke wa miaka hamsini? Mimi ndiye msimamizi wa karakana, na nilinyamaza. Naona aibu mpaka leo.

Alhamisi mama yake Si Lotfi, Lalla Wassila, akaja na shoka. Mdanzi wa uani, alioupanda mwenyewe alipoolewa, ulikuwa haujatoa ua kwa mwaka wa pili. Na mti mvivu dawa yake kitisho, nani asiyejua? Mmoja huinua shoka, mwingine huudhamini kwamba utazaa.

"Mama, nina kazi," Si Lotfi akalalamika.

"Hata mimi nilikuwa na kazi siku niliyokuzaa. Shika!"

Akashika. "Wewe mti," akaguna, "huzai. Leo nakukata."

"Paza sauti, haukusikii!"

"NAKUKATA!"

Wanawake tukacheka hadi tukashika mbavu. Nikaruka, nikaukumbatia mti. "Uache, Si Lotfi! Naudhamini mimi. Mwakani utazaa."

"Haya, mdhamini," akasema Lalla Wassila, akanitupia jembe. "Lima. Ulidhani dhamana ni maneno tu?"

Jembe likadunda. Juu ya mizizi kulikuwa na makreti ya chupa tupu, yamepangwa hadi juu ya kichwa changu. Zamani yalikaa ndani, kando ya meza ya Rafika, mpaka Si Lotfi alipoyahamishia uani ili apate pa kujengea ofisi yake. Na kutoka mlangoni hadi kwenye makreti, udongo ulikuwa umekanyagwa ukashikana kama sakafu.

"Njia ya nani hii?" akauliza Lalla Wassila.

"Yangu," akajibu Rafika. "Kila nikimaliza chupa kumi na mbili, nafuata nyingine."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mimi sihesabu, Lalla. Miguu ndiyo inayojua."

Lalla Wassila akamgeukia mwanawe. "Umeukalia mti, umemkimbiza mtu, halafu wote wawili unawaita wavivu."

Si Lotfi aliangalia shoka, akaangalia ile njia. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. "Si Lotfi," nikasema, "leo nina dhamana mbili. Rafika naye mwache."

Si Lotfi aliliegemeza shoka ukutani, akabeba kreti la kwanza mwenyewe. Yote yakaingia ofisini mwake, meza yake ikasukumwa pembeni karibu na choo. Jumamosi Rafika alimaliza chupa zake kabla ya alasiri, akakaa akila mbegu za maboga na kutucheka sisi tuliobaki.

Mwaka uliofuata mdanzi ulitoa maua hadi matawi yakainama. Tulikuwa tunayachuma, Lalla Wassila akiwa juu ya ngazi kwa ukaidi wake, Rafika alipochukua shoka akaenda kugonga ofisini.

"Toka, Si Lotfi! Bomba letu uliahidi kulitengeneza tangu Ramadhani, na mpaka leo linavuja. Huzai! Leo nakukata!"

Mwaka jana nani angethubutu? Si Lotfi akachungulia, kalamu sikioni, akamtazama mama yake.

"Mwache, Rafika mwanangu," akasema Lalla Wassila kutoka kwenye ngazi. "Namdhamini mimi."

Kisha akatia mkono mfukoni, akamtupia mwanawe spana.