Kubali Yote

Pikipiki ilisimama mbele ya ofisi ya walimu wakati wa chai. Mama mmoja wa makamo akashuka, akakung'uta vumbi jekundu kwenye gauni, akauliza, "Mugisha ni nani hapa?"

Nilisimama. Sikuwahi kumwona.

"Mimi ndiye Gaudiosa."

Chai ikanipalia. Kwa miezi miwili Mwalimu Gaudiosa alikuwa mlezi wangu wa kazi kwa njia ya mtandao: yeye Bukoba, mimi huku Muleba, ajira mpya. Kila Jumapili niliandika maandalio yangu ya biolojia kwenye faili ambalo sote wawili tuliweza kulifungua, naye akapendekeza marekebisho pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuyakubali au kuyajibu.

"Nimetoka msibani Kamachumu, nikasema nipite," alisema, akininyooshea simu yake. "Hebu soma. Kipindi ni dakika arobaini. Utangulizi kumi, jaribio thelathini, maswali kumi na tano. Jumla?"

"Hamsini na tano."

"Niliweka hivyo makusudi. Nawe ukabonyeza 'Kubali yote'!"

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Mama, wewe ni mkubwa wangu. Ningekupinga vipi?"

"Heshima hiyo mpelekee bibi yako, mwana wange. Darasa lako mimi silioni. Ukinyamaza, wanaoumia ni watoto." Akapunguza sauti. "Niahidi. Nikikosea, utaandika. Hata mbele za watu."

Nikaahidi.

Alhamisi tulikutana mtandaoni, walimu wapya na walezi wote, afisa elimu akisikiliza. Gaudiosa aliwasilisha andalio lake la mfano: wanafunzi watano watano, kila kundi na hadubini yake. Pongezi zikamiminika. Mimi nina wanafunzi tisini na hadubini moja. Nikawaona akilini wale wa nyuma wakinyoosha shingo hadi kengele inalia. Lakini ripoti ya kunithibitisha kazini ilikuwa ikisubiri maoni ya Gaudiosa.

Nikaandika, wote wakiona: "Mwalimu, kwa shule kama yetu andalio hili halitawezekana."

Mlezi mmoja, Kagaruki, akajibu papo hapo: "Dogo, adabu! Huyo ni mama yako."

Afisa elimu akaandika: "Jina lako kamili na shule?"

Ningeweza kuufuta ujumbe ule. Nikaandika jina langu lote, nikaandika na shule yangu, kisha nikaanza sentensi ya pili: "Napendekeza tufanye hivi."