Siku ya Kuishangilia Harlow

Sauti ya matarumbeta ya bendi ya Chuo cha Harlow kutoka kwenye televisheni ilimfikia Wendell jikoni, akipakua kunde na mkate wa mahindi wa Mwaka Mpya, sahani moja tu. Akaenda kukaa mbele ya televisheni peke yake.

Maisha yake yote aliichukia Harlow, timu pinzani katika mpira wa Kimarekani wa vyuo. Marehemu mkewe, Earlene, alikuwa shabiki wa Harlow kindakindaki. Lakini huku Alabama, mechi za Mwaka Mpya dhidi ya timu za ligi nyingine zikifika, hata adui mliyepambana naye Novemba hushangiliwa, maana heshima ya ligi ni ya wote. Timu ya Wendell ilikuwa imeshafungwa. Iliyobaki ni Harlow. Akaishangilia mpaka sauti ikamkauka, na hakukuwa na mtu wa kumcheka.

Harlow iliposhinda, akampigia simu Coy, kaka wa Earlene. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishini, Wendell alipoiondoa kwa hasira bendera ya Harlow ambayo Coy aliitandika juu ya jeneza.

"Shemeji, mmeshinda. Msimamo wa mwisho ukitoka, mtakuwa kwenye kumi bora nchini."

"Wendell? Umelewa?"

"Ligi yetu ndiyo ngumu nchini, bwana. Lazima niseme."

"Ninyi mmetandikwa na timu ya ligi ya watoto, halafu unasema ngumu!" Coy akacheka, kisha akashusha sauti. "Kiti cha Earlene uwanjani, pembeni yangu, kiko wazi. Nimeshindwa kumpa mtu."

Kukaa pale ni kukaa katikati ya maadui. Wendell akazima televisheni, nyumba ikawa kimya.

"Usimpe mtu," akasema. "Septemba msimu ukianza, nitakuja kukaa mimi. Jezi yenu sivai, Coy, lakini nitakuja."