Picha Niliyoipunguza

Kwa miaka kumi na minne, kila siku ya kuzaliwa ya shoga yangu ikifika, mimi ndiye ninayeongoza kwa zawadi. Watu husema nampenda kuliko ndugu. Kumpenda nampenda, lakini zawadi zile zilikuwa za kujiosha.

Mimi ni fundi wa fremu. Yeye tunamwita Kalamu, kwa sababu zamani hakukosa penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Mwanzoni mwa miaka hiyo aliniletea picha aliyoichora ya mikono ya mama yake ikichambua mchele kwenye ungo, niitie fremu aipeleke kwenye maonyesho. Mama mwenyewe alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Nikakata mbao kwa papara, nikijidai jicho langu halihitaji futi. Fremu ikatoka fupi kwa vidole viwili. Mbao ilikuwa nzuri na sikutaka kuitupa, basi nikachukua kisu nikaipunguza picha. Kipande cha chini kilipoanguka ndipo nilipoona kimeondoka na jina la Kalamu.

Mtu mwenye akili angekwenda kuomba radhi. Mimi nikamwambia paa la karakana limevuja, picha imeharibika. Akasema, "Haya shoga, si kitu." Picha na fremu yake nikampa dalali wa samani kuukuu, aende nayo mbali. Kalamu hakuchora tena, na mimi nikajikaza kisabuni.

Alipotimiza hamsini nikampeleka mji wa jirani kwa siku mbili, tukaone nyumba za kale na michoro iliyomo. Alifurahi kama mtoto. Alipapasa kila dirisha, akasoma kila kibao.

"Fundi, hizi ngazi unanikomoa," akasema kwenye nyumba ya pili. "Magoti yangu yanapiga soga."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya hakimu wa zamani. Tulipoingia chumba cha kulia, niliitambua fremu kabla ya picha: kona ya chini kushoto niliiziba kwa gundi na vumbi la mbao, na kiraka changu nakijua. Nikamshika mkono.

"Twende juu, kuna vyumba vizuri zaidi."

"Ngoja," akasema. Alikuwa ameshaiona.

Mama anayetunza nyumba akatusogelea. "Hiyo kila mgeni anaipenda, dada zangu. Aliyeichora hatumjui, haina jina."

Kalamu akasimama mbele ya picha mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imegota kwenye ukuta ule. Nikasema yote palepale, yule mama akisikia: fremu, kisu, dalali, paa.

"La paa nilijua," Kalamu akasema bila kugeuka. "Karakana yako ina ghorofa mbili juu yake. Ingevuja vipi?"

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilidhani umeitupa. Nilidhani umeiona mbaya, ukaona haya kuniambia. Nikasema, kama Fundi ameshindwa hata kuitia fremu, nisiende kujiaibisha kwa watu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Muda wote huo nilijua nimemwibia picha moja, na hilo peke yake lilikuwa likininyima usingizi. Kumbe nilimnyang'anya na zote ambazo hakuzichora.

"Kwa hiyo haikuwa mbaya?" akauliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, shoga yangu."

Hapo ndipo aliponigeukia. Hakuwa na hasira, na mimi niliitaka hasira yake kuliko kitu chochote.

"Hilo ungeweza kuniambia siku yoyote," akasema. "Hata na uongo wako wa paa. Ungesema tu, picha imeharibika, lakini ilikuwa nzuri. Ningechora nyingine."

Niliogopa kuitaja picha ile hata kwa kuisifu.

"Nisubiri nje," akasema.

Yule mama akavuta kiti akamwekea mbele ya picha, Kalamu akakaa. Nikatoka.