Kulala Chini

Mwaka ule wa vita, wenzake wote wa kazi walipokimbia Bunia, Angélique alibaki. Watu walimwita mama kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ndani ya ukumbi wa parokia aliwafundisha watoto ambao miili yao haikuwatii: kusimama kwa mguu mmoja, kufunga vifungo, kudaka mpira.

Asubuhi moja alimsimamisha Gentille mbele ya Héritier.

"Leo mutatupiana mupira."

"Apana!" Marie-Claire, mama yake Héritier, aliinuka. Alikuwa amekimbia kutoka Nizi baada ya mumewe kuuawa. Akamnyooshea kidole Kahindo, mama yake Gentille, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. "Huyu aliuzishia wauaji chumvi. Mutoto yangu hatacheza na yake."

"Nauzishia kila mwenye kuja," Kahindo akajibu. "Bwana yako sikumuua miye."

"Funga kinywa, nyoka weye!"

"Matusi muipeleke inje," Angélique akasema. "Hii kazi inaomba watoto wawili. Mwenye hataki, mulango iko wazi."

Hakuna aliyetoka. Wangempata wapi kine mwingine? Mama hao wawili wakaketi wamegeuziana migongo, Kahindo kule ukutani. Gentille akatupa mpira, ukaenda upande. Héritier akaufuata, akaanguka. Marie-Claire akasonya.

Ghafla risasi zikalia karibu, kioo cha dirisha kikapasuka.

"Kulala chini!" Angélique akapaza sauti.

Wote wakalala, isipokuwa Gentille. Alijua la kufanya, lakini magoti yalimkatalia. Akabaki amesimama katikati ya ukumbi, mikono ikipapatika. Kahindo alikuwa mbali, kwenye ukuta. Marie-Claire ndiye aliyemkamata gauni, akamwangusha, akawalalia juu yeye na Héritier mpaka bunduki ziliponyamaza.

Kahindo akatambaa hadi kwao. "Aksanti, mama Héritier."

"Usiniambie aksanti. Angebaki pale, wangejua tuko humu." Macho yake yalikuwa makavu. "Ningali nakuchukia."

"Najua. Na miye vilevile."

Wiki iliyofuata walirudi wote wawili, wala hawakusalimiana. Angélique alikuwa na zoezi jipya la kulala chini: goti, mkono, tumbo. Gentille akajaribu, akakwama, akajaribu tena, hadi tumbo lake likagusa sementi. Kahindo akataka kupiga makofi.

"Bado," Marie-Claire akamwambia mtoto kwa ukali. "Rudilia. Mbio zaidi."

Kahindo akashusha mikono, akamwacha Marie-Claire aendelee kuamuru.