Wastani wa Chumba Namba Kumi na Nne

Mgeni alibisha mlango wa chumba namba kumi na nne siku ya Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu akiwa ndiyo kwanza ameandika jibu la mwisho ubaoni. Ilikuwa wiki ya pili ya Hisabati ya Msingi, somo ambalo kila mwanachuo asiyesoma sayansi hana budi kulipita katika mwaka wake wa kwanza. Siku hiyo walikuwa wanajifunza wastani. Wanafunzi wote arobaini na mmoja walikuwa wameandika kwenye vikaratasi urefu wao, namba ya kiatu, idadi ya ndugu na alama za jaribio la kwanza. Wakajumlisha, wakagawa, wakamaliza.

"Karibu," alisema Mwalimu.

Mgeni aliingia. Alikuwa na urefu wa sentimita mia moja sitini na tatu nukta nne. Kiatu chake kilikuwa namba arobaini na robo. Sauti yake haikuwa nzito wala nyembamba, na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye umewahi kusimama naye foleni mahali fulani. Katika mstari wa tatu alikaa msichana aliyeitwa Mkutubi, kwa sababu kila alasiri alikuwa akipanga vitabu maktabani. Alitoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni ili mgeni apate pa kukaa.

"Una ndugu wangapi?" alimwuliza, maana ndilo swali lililokuwa ubaoni.

"Watatu," alijibu mgeni, "na sehemu sita za kumi za mwingine. Ni mdogo wetu wa mwisho. Hajambo, ila ngazi zinamsumbua."

"Pole."

"Ameshazoea."

Karani wa usajili alimwandikisha mchana huohuo. Walibishana kidogo tu, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya nukta. Kwenye jinsia karani hakujaza kitu, kwani darasa lilikuwa na wanawake ishirini na watatu na wanaume kumi na wanane, na yeye alikuwa anataka kwenda kula. Kwenye alama aliandika arobaini na sita nukta tatu. Darasa likamwita Wastani, naye akaitika.

Alikuwa mwenzi mzuri. Alijua kidogo cha kila kitu. Alipiga mluzi kidogo, akashona kifungo kilichokatika, na kabla ya kula alinawa mikono mpaka karibu na kiwiko. Huko kunawa alikupata kwa Mama Mkunga, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyekaa nyuma ya Mkutubi. Mama Mkunga alizalisha kwa miaka ishirini na sita, na sasa alitaka cheti cha chuo ili afundishe wakunga wengine. Bila kulipita somo hili, cheti hakingekuwapo.

"Miaka ishirini na sita," alisema siku ya kwanza alipomwangalia Wastani kutoka juu hadi chini, "na sijawahi kuzalisha mtoto wa wastani hata mmoja. Kumbe wanazaliwa humu chuoni."

"Usimtishe, mama," alisema Mkutubi.

"Simtishi. Nampima tu."

Mwalimu wao alikuwa kijana, mwenye mashati safi na moyo wa kucheka. Siku ya kwanza kabisa alikaa juu ya meza, akaning'iniza miguu, akawaambia: "Najua wengi wenu mnaiogopa hesabu kama jino bovu. Mimi humu ndani siachi mtu nyuma. Tumeingia arobaini na mmoja, tutatoka arobaini na mmoja." Mkutubi aliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari lake na kuyapigia mstari. Toka siku hiyo alitaka kitu kimoja: kuja kuifundisha kozi hiyo, akiwa amekaa juu ya meza hiyo.

Kwa hiyo Mwalimu alipomwomba msaada, hakungoja aombwe mara mbili.

"Mdogo wangu, nasikia watu wanakujia maktabani uwaeleweshe. Niandikie nani anakwama wapi. Nataka kuwapangia darasa la ziada."

Mkutubi aliandika kwa wiki mbili. Aliandika majina kumi na matano, na kila mmoja alimwandikia kama mtu anavyomwandikia daktari habari za nduguye. Wa kwanza alikuwa Mpiga Filimbi, kijana wa idara ya muziki aliyepata alama tisa. *Huyu anahesabu vizuri akigonga meza kwa kidole. Akiambiwa asigonge, anapotea.* Wa kumi na tano alikuwa Mama Mkunga, mwenye alama thelathini. *Asilimia zinamchanganya, lakini muda anaujua kuliko sote. Ukimpa mfano wa uchungu unaokuja kila dakika saba, halafu sita, halafu tano, wastani anaupata kichwani. Tukimpa muda atafaulu.*

Akampelekea Mwalimu daftari, akarudi akiwa mwepesi.

Jumanne iliyofuata Mpiga Filimbi hakuja darasani. Wastani alikuja, alama zake zikiwa arobaini na saba nukta mbili, na hakupiga mluzi tena. Alhamisi walikosekana wawili. Wiki iliyofuata wakakosekana wanne. Kila asubuhi Wastani alikuwa amenyooka zaidi. Alianza kujibu maswali kabla Mwalimu hajamaliza kuyauliza. Mkuu wa idara alipita mlangoni, akamtazama, akampa Mwalimu mkono.

Darasa la ziada halikuanza.

Siku moja, Mkutubi akipanga vitabu vya safu ya muziki, Mpiga Filimbi alikuja kurudisha vitabu viwili. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani.

"Kadi yangu imekufa," alisema. "Wameifunga."

"Kwa nini? Mbona ulijitoa somo moja tu?"

"Hata mimi nilidhani hivyo. Mwalimu aliniita ofisini, akanipa chai, akaniambia nisaini kujitoa kwa hiari, haina doa, nitarudi mwakani nikiwa nimejiandaa. Kumbe nyuma ya fomu kuna maandishi madogo. Ukijitoa kwenye somo la lazima, umejitoa chuo. Kurudi, unaomba upya kama mtu wa barabarani."

Mkutubi alikuwa ameshika kitabu na hakukumbuka pa kukiweka.

"Nikuulize," alisema Mpiga Filimbi. "Ni wewe uliyeandika kwamba nisipogonga meza napotea?"

"Ni mimi."

"Alinisomea. Nilipokataa kusaini, alifungua daftari akasema, 'Hata rafiki yako ameliona.' Nikaona basi, kama hata wewe umeliona." Aliweka vitabu juu ya kaunta, akavilinganisha pembe kwa pembe. "Mwandiko wako mzuri, lakini."

Akaenda zake. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Mkutubi kuliko hasira yenyewe.

Alikwenda ofisini kwa Mwalimu bila kubisha. Daftari lilikuwa wazi mezani. Pembeni ya kila jina, isipokuwa la mwisho, palikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu na neno moja: *amesaini*. Zilikuwa vema kumi na nne. Wastani alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu, akinywa chai.

"Nilikuandikia uwasaidie," alisema Mkutubi.

"Na umenisaidia sana." Mwalimu hakuinuka wala hakuficha daftari. "Kaa, mdogo wangu. Sijamfukuza mtu. Wamesaini wenyewe, kwa mikono yao."

"Ulisema huachi mtu nyuma."

"Nilisema, na nilikuwa namaanisha." Alimwonyesha Wastani kwa kidevu. "Lakini huyu alikuwa hajaja. Idara haimtazami Mpiga Filimbi, haikutazami wewe. Inamtazama huyu. Wanataka sitini. Isipofika sitini, mimi mkataba wangu umekwisha, na kozi atapewa mtu ambaye hata chai hatawapa."

"Sasa hivi ana ngapi?"

"Hamsini na nane nukta tisa," alijibu Wastani mwenyewe.

"Akitoka mmoja tu, yule mama," alisema Mwalimu kwa sauti ya upole, ileile ya siku ya kwanza, "inakuwa sitini kamili. Piga hesabu mwenyewe, unaijua. Mimi amenikatalia. Anakusikiliza wewe. Na mwakani nahitaji msaidizi wa kufundisha. Nitamchukua atakayeongoza mtihani, na sote tunajua ni nani."

Mkutubi alipiga hesabu. Ilikuwa sahihi, na hapo ndipo macho yalipomjaa maji. Alimgeukia Wastani ili asimtazame Mwalimu.

"Yule mdogo wenu anaendeleaje?"

"Mdogo yupi?"

"Wa sehemu sita za kumi. Anayesumbuliwa na ngazi."

Wastani alifikiri kwa adabu. "Sisi tumezaliwa watatu," alisema. "Mimi na wenzangu wawili." Waliojitoa wengi walikuwa wametoka kwenye familia kubwa.

"Nirudishie daftari langu," Mkutubi alimwambia Mwalimu.

"Nikimaliza."

Jioni hiyo alimkuta Mama Mkunga kwenye benchi la nje ya maktaba, akikokotoa asilimia nyuma ya bahasha. Akamweleza yote, toka sentensi ya kwanza aliyoandika hadi ya mwisho. Mama Mkunga alisikiliza bila kumkatiza, kama aliyezoea kusikiliza mambo kwa kuyawekea sikio tumboni.

"Na mimi uliniandika nini?"

"Kwamba tukikupa muda utafaulu."

"Hiyo hakunisomea." Alikunja bahasha. "Wewe mtoto ni mjinga, lakini siyo mjinga mbaya. Umempa mtu kisu ukidhani anataka kumenya. Sasa nikitoka mimi, mgeni wenu anapata sitini?"

"Kamili."

"Na nikibaki?"

"Mimi sijui, mama. Nakuomba ubaki."

"Naogopa ule mlango wa mtihani," alisema Mama Mkunga. Ilikuwa mara ya kwanza Mkutubi kumsikia akisema anaogopa. "Nimeingia vyumba vyenye damu mpaka kifundoni, sikuogopa. Ule mlango naota umenifungia."

"Hutaingia peke yako. Tutaingia wote. Sitaingia kabla yako."

"Usiseme hivyo tu kwa kuwa roho inakuuma."

"Inaniuma, ndiyo. Lakini nakuahidi."

Wiki nne walikaa kwenye benchi hilo kila alasiri. Mama Mkunga alijifunza asilimia kwa uzito wa watoto, na grafu kwa joto la akina mama aliowahi kuwahofia baada ya kujifungua. Alikosea, akacheka, akafuta, akakosea tena karibu zaidi na jibu. Mwalimu alipita mara mbili akawasalimia vizuri.

Siku ya mtihani mlango ulifunguliwa saa tatu asubuhi. Sheria ilibandikwa ukutani: atakayechelewa zaidi ya nusu saa haingii, na aliyechelewa haongezewi muda. Mkutubi alisimama kwenye korido na kalamu mbili. Saa tatu kasorobo ulikuwa umeingia ujumbe wa Mama Mkunga kwenye simu yake. *Binti wa jirani ameshikwa na uchungu toka alfajiri, gari halijafika. Njia imefunguka sentimita nane, bado mbili. Nakuja.*

Wenzake ishirini na watano waliingia. Nyuma yao wote akaja Wastani, mrefu, shati limenyooshwa, kalamu moja tu mfukoni. Alisimama mbele yake.

"Ukikaa hapa nusu saa," alisema, "nitapungua karibu alama moja."

"Pole."

"Si neno," alisema Wastani, akaingia. Zamani angebaki naye kidogo.

Saa tatu na dakika kumi msimamizi alichungulia. "Dada, karatasi yako iko mezani. Ingia."

"Namngoja mtu."

"Huyo mtu ndiye atakayekujibia maswali?"

"Hapana."

Msimamizi alitikisa kichwa, akaurudisha mlango. Kupitia kioo Mkutubi aliona meza yake, karatasi ikiwa imelala kifudifudi. Mikono ilimwasha. Maswali yote yaliyokuwa mle aliyajua, na kila dakika iliyopita ilikuwa swali moja linalomtoka.

Matokeo yalipokuja kubandikwa, mwezi mmoja baadaye, Mkutubi alikuwa wa tatu. Usaidizi alipewa aliyeongoza, kijana wa uandishi wa habari aliyekuwa hajawahi kumwelewesha mtu kitu. Mama Mkunga alipata arobaini na saba, alama tatu tu chini ya kiwango cha kufaulu, na kwa kuwa aliyeufanya mtihani ana haki ya kuurudia, jina lake liliandikwa kwenye orodha ya kurudia. Wale kumi na nne hawakuwa kwenye orodha yoyote. Wastani alipata hamsini na tisa nukta saba. Idara ikaikadiria kuwa sitini, mkuu wa idara akapiga naye picha, na Mwalimu akaongezewa mkataba. Fomu za kujitoa kwa hiari zilichapishwa nyingine, boksi zima.

Lakini hayo yalikuwa bado. Saa tatu na dakika ishirini na sita Mama Mkunga alitokea mwisho wa korido, hakimbii, anatembea kwa haraka ya watu wa kazi yake, mikono ya blauzi imekunjwa na ina maji mpaka kwenye viwiko.

"Wa kike," alisema. "Kilo mbili nukta nane. Kwa nini uko nje?"

"Nilisema sitaingia kabla yako."

Mama Mkunga alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye. Mkutubi akampa kalamu moja.

Msimamizi aliwafungulia. Wakapita kati ya meza, mmoja nyuma ya mwingine, viatu vya Mama Mkunga vikilia kwa maji. Mkutubi alisimama pembeni ya kiti chake mpaka mwenzake alipoketi na kugeuza karatasi. Ndipo na yeye akaketi.