Stendi ya Kilo Nne

"Hii inatetemeka," Yotamu alisema.

Damari, mwenye duka, aliinama akaitazama stendi ya kamera aliyokuwa ameisimamisha sakafuni, miguu yake mitatu myembamba imetanuka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Akabana vifungo vya miguu, kimoja kimoja. Akainuka.

"Haitetemeki, baba. Ni..."

Macho yake yalikuwa yameangukia mkono wa kulia wa mteja wake, uliokuwa bado umeshika kichwa cha stendi, kisha yakakimbilia kwenye kabati la vioo kama macho ya mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Yotamu aliuondoa mkono taratibu, akauingiza katika mfuko wa koti. Humo ndani ukaendelea na kazi yake, ukizigongagonga funguo za nyumba.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Thelathini na mitatu kati ya hiyo alikuwa akipiga picha Uyole na vijiji vya kuzunguka: harusi, kipaimara, mahafali, misiba. Siku zote hizo hakuwahi kumiliki stendi. Wapiga picha wenzake walipomtania, aliinua mikono yote miwili na kuwaambia, "Stendi zangu hizi hapa." Na ilikuwa kweli. Katika makanisa yenye giza aliegemeza kiwiko ubavuni, na picha ikatoka imetulia kama maji ya mtungini.

Halafu, katikati ya mvua za mwaka jana, kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza chenyewe. Vidole vingine vikakifuata. Daktari alimtajia jina la ugonjwa, jina refu la Kizungu, akamwambia hauponi, unapunguzwa kasi tu. Yotamu alilikunja jina hilo pamoja na karatasi ya dawa, asimwambie mtu. Mkewe, Esnath, hakuhitaji kuambiwa. Alianza tu kumjazia kikombe cha chai nusu.

"Unasafiri nayo?" Damari aliuliza, sauti imeshuka.

"Jumamosi nina harusi Iringa. Na huku kwetu milimani napanda bodaboda, pengine natembea kwa miguu."

"Basi ya safari ndiyo hii. Kilo moja na robo, inakunjika, inaingia kwenye begi la mgongoni." Akasita. "Ile pale ni kilo nne na ushee. Ile ni ya studio, baba. Haisafiri."

Yotamu aliiendea ile nzito. Akaifungia kamera yake juu, kisha akaigusa kwa mkono wa kulia, safari hii makusudi. Stendi haikujibu kitu. Ilisimama kama ng'ombe aliyezoea kunyeshewa. Alipojaribu kuinyanyua aiweke begani, bega lilimwangusha, na Damari akaidaka.

Hapo ndipo alipokwama. Aliyoweza kuibeba haikuweza kumtuliza, na iliyoweza kumtuliza hakuweza kuibeba. Kama si ule msiba wa Igawa, angeaga akaenda zake.

Miezi miwili nyuma alikuwa ameitwa Igawa, kwa Bertha, aliyefiwa na mama. Marehemu hakupenda kupigwa picha maisha yake yote; iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha. Kwa hiyo wakati wa kuaga mwili, familia iliwaomba watu wasitoe simu. Wakae pembeni, walisema, yupo mpiga picha mwenye kazi yake. Yotamu alipiga picha kumi na moja za uso ule. Zote zikacheza. Bertha alipozifuata Uyole alizitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mbona mama yuko kama chini ya maji?"

"Mwanga wa mle ndani ulikuwa hafifu, mwanangu," Yotamu alimjibu.

Naye Bertha aliamini. Hata akashukuru. Shukrani ile ilimuuma Yotamu kuliko ambavyo matusi yangemuuma.

"Nifungie hii nzito," alimwambia Damari. "Na rimoti yake."

"Nani atakubebea, baba?"

"Yupo," alisema, ingawa hakujua ni nani.

Alikuwa Esnath. Aliacha viazi vyake shambani bila kumalizia kupalilia, akaifunga stendi kwa kamba, akaiweka begani kama jembe, na alfajiri ya Ijumaa wakapanda basi la Iringa.

Harusi ilikuwa Ipogolo, ya binti wa Crispin, mtu aliyesoma na Yotamu. Picha za kujipanga zilitoka vizuri mno: maharusi mbele ya kanisa, wazee kwenye viti, mashangazi na vitenge vyao vya sare. Yotamu alibonyeza rimoti, stendi ikatulia, akaanza kuamini. Lakini harusi haikai mahali pamoja. Mama wa bibi harusi alipomkumbatia mwanawe na kulia, kamera ilikuwa imeelekea upande wa keki. Esnath aliinyanyua stendi, akakimbia nayo kati ya meza, akatanua miguu. Machozi yalikuwa yameshafutwa.

"Naomba mrudie kidogo," Yotamu alisema.

Mara ya tatu alipoomba hivyo, mshereheshaji alidakia kwenye kipaza sauti: "Mzee wa kamera anasema mlie tena, hajashiba!" Ukumbi ukaangua kicheko. Yotamu naye akacheka. Esnath hakucheka. Jioni ilipoingia, watu walikuwa wamemzunguka binamu mmoja mwenye simu nzuri, aliyewafuata kila walikokwenda.

Wakati wa kuagana Crispin alimshika mkono, akauhisi. Akauzungushia na mkono wake wa pili, kama mtu anayemfunika kifaranga.

"Pole, kaka. Si ungeniambia?"

Crispin alimsindikiza hadi barabarani akizungumzia mvua na bei ya mbolea. Harusi ya binti wa pili, ya Desemba, waliyokuwa wameipanga pamoja tangu Pasaka, hakuitaja tena.

Jumapili, basi likiwa limeiacha Makambako nyuma, Yotamu alitazama magoti yake na kuona kuwa mkono wa kushoto nao umeanza. Kidole gumba tu, polepole. Alikitazama mpaka hakuweza tena.

"Mama Lugano," alimwambia mkewe, "tushuke Igawa."

"Igawa kuna nini?"

"Kuna mtu nilimdanganya."

Esnath alimtazama, akasimama, akaanza kuishusha stendi.

Nyumba ya Bertha haikuwa mbali na barabara. Uani mpunga ulikuwa umeanikwa juu ya turubai, na kando yake, kwenye kigoda, alikaa baba yake, Mzee Ezekia, ameshika ufito mrefu. Ndege walikuwa wamejipanga juu ya bati. Kila waliposhuka, mzee aliupunga ufito, na wote wakarudi juu.

"Kamwene," alisalimu kwa lugha ya kwao, bila kugeuka.

"Kamwene, baba," Yotamu aliitikia.

Bertha alitoka na viti, akafurahi kuwaona, akataka kuchemsha chai. Yotamu akamzuia. Akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya goti, akauacha ucheze.

"Haukuwa mwanga, mwanangu. Ulikuwa mkono huu."

Bertha aliutazama mkono, kisha akamtazama usoni.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaja."

"Nilikuja. Niliona aibu kukataa kazi."

"Watu tuliwaambia waweke simu," Bertha alisema. "Wajomba zangu. Dada yangu alitoka Mafinga, akatoa simu, nikamwambia mimi, kwa mdomo wangu huu, dada, iweke." Akanyanyuka, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Mzee Ezekia alipunga ufito. Ndege wakaruka. Sufuria iligonga mahali fulani ndani ya nyumba. Esnath alianza kufunga kamba ya stendi, na Yotamu hakumzuia, kwa sababu kilichobaki ni kuondoka.

Mlango ulipofunguliwa, Bertha alikuwa amebeba koti la suti, la kahawia, la zamani, lililopigwa pasi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakumtazama Yotamu.

"Baba naye hana picha," alisema.

Alimvalisha mzee lile koti, mkono mmoja, kisha wa pili, akamfunga vifungo kama anavyofungwa mtoto wa shule. Akauchukua ufito, akauegemeza ukutani. Akasimama nyuma ya kigoda, kiganja chake begani mwa baba yake.

Esnath alitanua miguu ya stendi, akaikandamiza ardhini mmoja mmoja. Yotamu akaangalia ndani ya kamera. Mzee mwembamba, binti yake, bati, anga. Vyote vimetulia. Akaishika rimoti kwa mikono yote miwili.

"Nikubonyezee?" Esnath alinong'ona.

"Hapana. Hii nitabonyeza mwenyewe."

Kidole gumba kilikitafuta kitufe, kikapita pembeni, kikarudi. Ndege mmoja alishuka kwenye turubai. Mkono wa Mzee Ezekia ulinyanyuka kidogo kuutafuta ufito.

"Tulia, baba," Bertha alisema. "Tulia tu."

Mkono ukarudi gotini. Akashuka wa pili, wakashuka watano, kisha bati zima likamwagika uani, wakajaa juu ya mpunga wakidonoa. Mzee aliwatazama kwa macho peke yake. Hakuna aliyewafukuza.