Kadi ya Harusi ya Shaaban

Dada yangu Amina alinipigia mchana, akasema kishale cha kompyuta yake kinatembea chenyewe. Nilicheka, nikamwambia apunguze tamthilia. Nilipofika kwake Nkuhungu nikakiona kwa macho yangu: kilipanda taratibu, kikafungua picha za Batuli, kikapitia moja baada ya nyingine. Kicheko kikaniishia.

Batuli ni mwanawe, ana miaka sita. Baba yake, Uwesu, aliapa kumchukua na kuvuka naye mpaka, Amina asimwone tena. Ndiyo maana tulimficha Makutupora kwa Hilda, rafiki wa Amina anayefanya kazi kwenye mashamba ya zabibu. Kumpigia Hilda simu tulipiga marufuku, kwa kuwa Uwesu aliwahi kuichezea simu ya Amina. Amina na Hilda wakawa wanaandikiana baruapepe tu. Uwesu hajui hata kuwasha kompyuta, lakini anajua kumtafuta anayejua, na hilo hatukulifikiria. Tulijiona wajanja.

"Ulifungua nini?" nilimuuliza.

"Kadi tu. Harusi ya Shaaban."

"Shaaban yupi?"

"Si wa kwetu Kondoa? Kaka Mudrick, ningeachaje kuifungua? Waseme nimekuwa mtu wa mjini?"

Nilikasirika, ingawa hata mimi ningefungua. Kwetu, afadhali upuuze barua ya polisi kuliko kadi ya harusi.

Nikachomoa modemu. Nikaiwasha mashine upya kwa programu za lazima tu, nikaanza kukagua zile zinazojiwasha zenyewe. Moja ilijiita programu ya sauti, lakini ilikaa kwenye folda ileile ilikopakuliwa kadi. Nikaizima, nikaifuta. Ikarudi. Nikatukana kwa Kirangi, na Amina hakunikemea. Kumbe ilikuwa na pacha wake anayeifufua kila ikifa. Nikawazima wote wawili kwa pamoja, nikafuta mafaili yao na amri zilizokuwa zikiwaamsha. Upepo ulikuwa unagonga mabati, vumbi likipenya chini ya mlango.

Nikawasha upya. Kishale kikatulia.

"Imekwisha," nikasema, kifua mbele.

Amina hakufurahi. "Ilianza lini kusoma barua zangu?"

Tarehe niliiona kabla sijafuta. "Kabla ya Idi."

Alikaa chini kwenye sakafu. Niliogopa, na sioni haya kusema. Nikachukua simu yake, marufuku au si marufuku, nikampigia Hilda na kuweka spika.

Alipokea akiwa mchangamfu. "Amina! Usiwe na wasiwasi, nimeshamaliza."

"Umemaliza nini?" Amina akauliza.

"Si yale uliyoniandikia asubuhi, kwamba mmepatana na Uwesu? Nimemfungia nguo zake, na zabibu za kula njiani. Baba yake alikuwa na haraka, hata maji hakunywa. Batuli alining'ang'ania, akakataa kabisa kupanda gari. Nikambembeleza: nenda, mwanangu, mama yako mwenyewe ndiye amesema."